Mwenzetu anaua kutoka mita 800: tumfanyeje?

Swali: Mwalimu, habari za Nakuru? Sisi ni wachezaji kumi na mmoja, wengi tuko Kisumu, wawili Kakamega na mmoja Busia. Kila Jumamosi usiku tunarusha ndege za Vita vya Pili vya Dunia kwenye seva yetu wenyewe. Tunatumia mchezo wa kompyuta wa IL-2 Sturmovik: 1946 kwa sababu kompyuta zetu ni za kawaida. Mimi hurusha Spitfire Mk IX. Kuna mwenzetu wa Mustang, P-51D, anayetuangusha kutoka mita 800, wakati mwingine 900. Tumegawanyika. Wengine wanataka akatazwe kufyatua nje ya mita 300, wengine wanataka Mustang iondolewe kabisa. Yeye anasema risasi za vita halisi zilifika zaidi ya kilomita moja, kwa hivyo tujifunze kukwepa. Nani ana haki? Na mimi niziseti bunduki zangu mita ngapi? – Msomaji, Kondele, Kisumu.

Jibu:

Ndugu yangu wa Kondele, huku ni kuzuri. Nitaanza na uamuzi wangu kisha niutetee. Msimwekee mwenzenu mpaka wa mita 300, na Mustang ibaki. Lakini hoja yake ya vita halisi haisimami, na kwa jinsi seva yenu ilivyo sasa, kati yenu wawili yeye ndiye anayepoteza zaidi, ingawa bado hajaona. Mnabishana kuhusu ndege, na kinachowasumbua ni ule umbali ambao bunduki inaweza kuua ndani ya seva yenu. Umbali huo ukisogea, thamani ya kila ndege inasogea nao, hata kama hakuna aliyegusa injini wala bawa.

Tuanze na risasi zake. P-51D hubeba rashasha 6 za Browning M2, zile za nusu inchi, na risasi 1,880 kwa jumla. Kila bunduki hutema risasi kama 800 kwa dakika, kwa hivyo akibonyeza kwa sekunde 1 ametuma risasi 80 hivi, zikitoka mdomoni kwa karibu mita 880 kwa sekunde. Bunduki hiyohiyo ikifyatuliwa kutoka ardhini, risasi yake yaweza kwenda zaidi ya kilomita 6 kabla ya kuanguka. Kwa hiyo anaposema zilifika mbali, hadanganyi. Zilifika. Tumuulize zilimkuta nani huko.

Mimi nimekulia karibu na Ahero, na kabla sijajua jostiki nilijua kombeo. Mpunga ukianza kukomaa, sisi watoto tuliamshwa kabla ya mapambazuko kwenda kuamia kwelea. Ukimtupia ndege aliye hatua kumi, donge la udongo linamfikia kabla hajafikiri. Aliye jaruba la pili, donge linafika vilevile, lakini likifika yeye ameshahamia suke lingine. Mkono wangu ulikuwa na nguvu ya kuvusha majaruba matatu, na nguvu hiyo haikuwahi kuokoa hata punje moja ya mpunga upande wa pili. Tulichojifunza ni kutembea juu ya tuta, polepole, mpaka karibu.

Sasa weka hesabu juu ya hilo. Mustang iko nyuma yako, nyote mnakwenda kama kilomita 470 kwa saa. Akikupiga kutoka mita 250, risasi inachukua takriban sekunde 0.3 kukufikia, na katika muda huo mvuto wa dunia umeishusha kama sentimita 45. Akikupiga kutoka mita 800, hewa imeipunguza kasi na wewe unaendelea kuikimbia, kwa hiyo inachukua kama sekunde 1.2, na imeshuka mita 7. Urefu wa Spitfire yako, kutoka pua hadi mkia, ni kama mita 9 na nusu.

Kushuka si tatizo kubwa, maana mtu anaweza kulifidia kwa kulenga juu. Tatizo ni wewe. Ukivuta usukani kwa nguvu ya G 4, yaani mara nne ya uzito wako, ambayo ni kona ya kawaida tu, katika sekunde 0.3 umetoka kwenye njia yako ya awali kwa chini ya mita 2. Katika sekunde 1.2 umetoka kwa mita 28. Hesabu hiyo haibadiliki awe nani anayefyatua. Mtu wa mita 250 anapiga ndege ilipo. Mtu wa mita 800 anapiga mahali anapodhani utakuwa, na asiyenyooka hadhaniki kwa urahisi. Kwa hiyo tafadhali, kabla ya kikao cha kumwadhibu mwenzenu, fungueni rekodi za Jumamosi iliyopita mwangalie kila aliyeangushwa kutoka mbali alikuwa anafanya nini sekunde 2 kabla. Nina hakika karibu wote walikuwa wamenyooka, wakikimbia kwenda nyumbani au wakitazama ramani.

Kuna na kutawanyika. Hakuna bunduki ya bawa inayopeleka risasi zote tundu moja, kwa sababu bawa linatikisika na bunduki inaruka. Tuseme zake zinatawanyika ndani ya mili 4 (mili 1 ni upana wa mita 1 ukiwa mita 1,000), yaani duara la mita 1 ukiwa mita 250. Ukiwa mita 800 duara hilo lina upana wa mita 3.2. Risasi ni zilezile 80, lakini eneo limekuwa kubwa mara 10, kwa hiyo kila kipande cha ndege yako kinapokea sehemu moja tu ya kumi. Ni kama mpira wa kumwagilia sukuma: karibu unachimba udongo, mbali unalowesha majani.

Marubani wa Uingereza wa 1940 waliyajua haya kwa damu. Spitfire za mwanzo zilikuwa na rashasha 8 ndogo za inchi .303, kila moja na risasi 300, zinazoisha kwa sekunde 15 hivi. Bunduki hizo ziliagizwa ziwekwe ili mikondo ya risasi zake ikutane yadi 400 mbele, karibu mita 365. Marubani waliorudi wakiwa hai wakazishusha hadi yadi 250, yaani mita 230 hivi. Sailor Malan, yule Mwafrika Kusini aliyeongoza Skwadroni ya 74, aliwaandikia wenzake kanuni 10 za mapigano ya angani, na ya kwanza kabisa ni kungoja mpaka uwe karibu sana, halafu upige mfululizo mfupi wa sekunde 1 au 2. Mjerumani Erich Hartmann, anayehesabiwa kuangusha ndege 352 na ambaye hakuna rubani mwingine aliyemfikia, alingoja mpaka adui ajaze kioo chote cha mbele. Hawa walikuwa na bunduki zinazofika mbali. Waliamua kutozitumia mbali.

Wengine wengi walipiga kutoka mbali bila kujua. Kamera zilizofungwa pamoja na bunduki zilionyesha tena na tena kwamba rubani aliyeapa kuwa alikuwa yadi 250 alikuwa mbali maradufu. Macho ya binadamu hewani, bila mti wala nyumba ya kulinganishia, hayajui kupima. Sasa tazama skrini yako. Juu ya kila ndege ya adui kuna lebo inayoelea ikisema umbali wake kwa tarakimu. Mwenzenu hakadirii chochote. Anasoma 800, anajua ainue pua kiasi gani kwa 800, anakuza picha mpaka nukta iwe ndege, anabonyeza. Hewa ya mchezo imetulia kama ziwa la saa kumi na mbili asubuhi. Mkono wake hautetemeki kwa baridi ya mita 7,000. Amekufa mara mia tano na kila mara akaanza upya akiwa na somo moja zaidi. Mtu wa 1944 hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na hapo ndipo hoja yake ya vita halisi inapovunjika: ameleta bunduki ya vita halisi na kuacha macho ya vita halisi.

Hapa sasa ndipo ningependa wote kumi na mmoja mnisikilize, yeye akiwa mstari wa mbele.

Ubora wa Mustang dhidi ya Spitfire yako hauko kwenye kona. Kwenye kona wewe unamshinda, na anajua. Ubora wake ni mwendo: P-51D hufikia kama kilomita 700 kwa saa juu kabisa, wakati Mk IX iko karibu na 660. Kazi ya ndege ya namna hiyo ni kushuka kutoka juu, kupiga, na kuondoka kabla hujageuka. Neno kubwa hapo ni kuondoka. Tuseme ameshuka, amekukosa, na wewe umefanikiwa kugeuka ukamshika mkia akiwa mita 250 mbele yako. Anakuzidi kilomita 40 kwa saa. Inasikika kama nyingi. Lakini kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kwa sekunde. Wewe umewahi kuketi kwenye matatu ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega, nyingine ikawapita pale Mamboleo kwa fujo zote. Hesabu muda ambao bado unasoma maandishi ya kioo chake cha nyuma. Ni mrefu kuliko mtu anavyotarajia.

Ikiwa katika seva yenu bunduki inaua mpaka mita 350, Mustang inahitaji kufungua mita 100 tu kutoka zile 250. Sekunde 9. Anavuta pumzi, yuko salama, na ndege yake ni mfalme kama ilivyostahili. Ikiwa bunduki inaua mpaka mita 800, anahitaji kufungua mita 550. Sekunde 50 kamili, akiwa mbele ya Spitfire yenye mizinga miwili ya Hispano ya milimita 20, ambayo makombora yake hutoka kwa mwendo unaokaribiana na wa risasi zake mwenyewe. Katika sekunde 50 hata mpigaji dhaifu atampata. Akianza kukwepa, anapoteza mwendo, na hiyo 40 yake inayeyuka.

Yaani sheria anayoitetea, kwamba mita 800 ni halali, ndiyo inayomnyang'anya kitu pekee ambacho ndege yake ilipewa kuliko yako. Bado hajalipa deni hilo kwa sababu moja tu: ninyi wengine hamjajifunza kupiga mbali. Mtakapojifunza, na mtajifunza kwa sababu lebo zinawafundisha, atakuja kulalamika kwamba Spitfire imezidi nguvu. Nimeiona hadithi hii kwenye seva zaidi ya moja. Kwanza watu wanaomba Mustang ipunguzwe, miezi michache baadaye wanaomba Spitfire ipunguzwe, na hakuna aliyefikiria kutazama umbali.

Anayeumia kuliko wote ni mwingine kabisa, na sijui kama mnaye kundini: mtu wa ndege ya Wajerumani, Messerschmitt Bf 109 K-4. Mzinga wake wa MK 108 wa milimita 30 umepita katikati ya propela, hauna shida ya kukutanisha mbawa, na kombora lake la gramu 330 kwa kawaida linatosha moja tu kumaliza ndege ndogo. Lakini linatoka kwa mita 540 kwa sekunde tu au pungufu, na ana makombora 65. Ukiwa mita 250 limeshuka kidogo zaidi ya mita 1, jambo ambalo mtu anazoea. Ukiwa mita 800 limeshuka zaidi ya mita 20 na limekaa hewani zaidi ya sekunde 2. Hakuna mtu anayelenga hivyo. Zero ya Wajapani ya 1941 nayo iko hapohapo: mizinga yake miwili ina makombora 60 kila mmoja na mwendo wa mita 600 kwa sekunde, wakati rashasha zake ndogo puani zinatema risasi za kasi zaidi, kwa hiyo kutoka mbali mizinga inapiga chini na rashasha zinapiga juu. Ndege hizi ziliundwa na watu walioamini mapigano yatakuwa karibu. Ukiruhusu vita vya mita 800 umewaambia wanaozirusha wabaki nyumbani, na mtajikuta Jumamosi moja kila mtu yuko kwenye Mustang au Spitfire. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa kuliko kuangushwa.

Basi kwa nini nimekataa sheria ya mita 300? Kwa sababu haipimiki. Nani atasimama kuhesabu kwamba alifyatua akiwa 310? Mtagombana kila wiki. Tena kuna wakati wa haki kabisa wa kupiga mbali: adui ameshika mkia wa mwenzako, wewe uko mita 600, unarusha mfululizo mfupi ili risasi za moto zipite mbele ya macho yake aachie. Hilo ni ulinzi wa mwenzako na nisingependa mtu aadhibiwe kwa hilo. Kuiondoa Mustang, au kuipunguzia nguvu ya injini, ndiko kubaya zaidi. Ukishamharibia Mustang mwendo wake, umeharibu kila pambano lake na ndege nyingine zote ili kurekebisha kosa lililo mahali pengine.

Rekebisheni macho. Mwenye seva yenu anaweza kuzima lebo kabisa katika mpangilio wa ugumu, au kwa amri ya mp_dotrange akaacha lebo zionekane lakini tarakimu za umbali zisionekane mpaka mkaribiane sana. Kwa kundi lenye watu wapya nashauri hiyo ya pili. Kuzima zote kwa ghafla kutawafukuza wale wawili wa Kakamega kama skrini zao ni ndogo. Washeni upepo na msukosuko wa hewa. Washeni mtikisiko wa kichwa. Hakikisheni risasi zina kikomo, maana kama mmeacha risasi zisizoisha, mazungumzo yote haya ni bure: mtu mwenye risasi zisizoisha atapiga kutoka mita 1,200 na mimi ningefanya vivyo hivyo. Na mtazamo wa nje ya ndege uzimwe, kila mtu akae ndani ya chumba cha rubani ambamo pua ya Mustang yenyewe inamfunika adui inapoinuliwa ili ilenge mita 7 juu. Hiyo peke yake inapunguza nusu ya tamaa. Jaribuni Jumamosi tatu kabla ya kuamua lingine lolote.

Angalieni pia mnavyohesabu ushindi. Spitfire, Mustang na 109 zote zina injini ya kupozwa kwa maji. Risasi moja iliyotawanyika ikitoboa radieta, injini itakufa baada ya dakika chache. Kama mwenzenu anapewa ushindi mzima kwa kukutoboa radieta kutoka mita 900 na wewe ukatua shambani dakika 4 baadaye, mmemlipa kwa kumwaga risasi hovyo. Mtu akitua salama upande wake, hata injini ikiwa imezimika, asihesabiwe kuwa ameangushwa. Thunderbolt yenye injini ya kupozwa kwa hewa haina udhaifu huo, kwa hiyo mwenye kuudhika sana na umwagaji huu anaweza kujaribu ndege hiyo.

Mtandao nitaupitia upesi. Kati ya Kisumu na Kakamega kuchelewa kwa data kunaweza kuwa kudogo mkiwa wote kwenye waya, lakini yule wa Busia akiwa kwenye bando la simu, kuchelewa kwake kunapanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakoua ulengaji kuliko kuchelewa kwenyewe. Sekunde 0.18 ya kuchelewa, kwa ndege ya kilomita 500 kwa saa, ni mita 25. Ukiwa nyuma yake moja kwa moja, mita hizo 25 ziko kwenye mstari uleule wa kwenda, kwa hiyo bado utampiga. Ukimpiga akikatiza mbele yako, ni karibu urefu wa Spitfire tatu na hutampiga kamwe. Hii ndiyo sababu mpigaji wa mkiani anafaulu sana mtandaoni kuliko yule wa pembeni, na sababu nyingine ya kutomlaumu mtu kabla hujajua nani alikuwa kwenye waya na nani alikuwa kwenye bando.

Haya, bunduki zako. Bunduki za mbawa zimeelekezwa ndani kidogo ili mikondo yao ikutane mbele, na mchezo unakuruhusu kuweka umbali huo kwa rashasha na kwa mizinga kila kimoja peke yake. Chukua bunduki iliyo mita 2 kutoka katikati ya ndege. Ukiikutanisha mita 250, ikifika mita 500 imevuka upande wa pili kwa mita 2 zilezile, na ikifika mita 800 mikondo miwili imeachana karibu mita 9: mwili wa adui unapita katikati bila mkwaruzo. Ukiikutanisha mita 800, ukiwa mita 250 mikondo iko mita 1.4 kila upande, kwa hiyo bado utagusa mbawa. Ndiyo maana mwenzenu anaona hapotezi kitu kwa kuseti mbali. Lakini kuna hasara ambayo pengine hajaigundua. Mitutu iliyoinuliwa ili ifidie kushuka kwa mita 800 inapeleka risasi juu ya nukta ya kulengea karibu mita 2 kwenye mita 300 hadi 400. Mita 2 juu ya mgongo wa ndege ni hewa tupu. Ukitaka kumsumbua, mkaribie ukae hapohapo, 300 hadi 400, ambako bunduki zake zimepofuka na zako bado zinaona.

Kwa Mk IX weka Hispano mita 250 na zile rashasha mita 230. Una makombora 120 kwa kila mzinga, sekunde kama 11, kwa hiyo usiyachezee. Kama wewe hupiga zaidi katika kona kali ambako watu hukaribiana, shusha vyote mita 200. Usizidi 300.

Kujua mita 250 bila lebo kunahitaji mazoezi, na huko Kisumu mna msaada ambao sisi wa Nakuru hatuna. Nenda upande wa Usoma jioni, ngoja ndege ya abiria ya Dash 8-400 ikitua uwanja wa ndege. Upana wa mbawa zake ni mita 28.4, wa Spitfire ni 11.2. Dash 8 ikiwa kama mita 630 kutoka kwako, inajaza jicho lako sawasawa na Spitfire iliyo mita 250: pana kidogo kuliko kidole gumba chako mkono ukiwa umenyooshwa. Utashangaa ilivyo kubwa. Karibu kila mtu niliyemfundisha alikuwa akifyatua ndege ikiwa nusu ya ukubwa huo. Ndani ya mchezo skrini inadanganya kwa kukuza, kwa hiyo huko tumia kioo cha kulengea, kwa sababu duara lake linakua pamoja na ndege. Kwenye Revi ya Wajerumani duara lina mili 100: ndege ya mbawa za mita 10 inalijaza lote ikiwa mita 100, na nusu yake ikiwa mita 200. Kwenye kioo chochote kingine, simamisha ndege ya rafiki mbele yako umbali unaoujua, tazama imejaza kiasi gani, andika kwenye karatasi ubandike kando ya skrini.

Na kama Mustang ya mwenzenu ni ile ya baadaye yenye kioo cha K-14, mwambie akitumie kilivyokusudiwa. Kioo hicho hukadiria chenyewe ulenge mbele ya adui kwa kiasi gani, lakini lazima uzungushe almasi zake zikumbatie mbawa za adui na umfuate kwa utulivu sekunde nzima. Huwezi kufanya hivyo na nukta iliyo mita 900. Unaweza ukiwa mita 300 ndani ya kona, pembeni, mahali ambapo sasa hathubutu kufyatua. Anitumie rekodi ya Jumamosi moja akijaribu hivyo, nami nitaipitia kona kwa kona.